Zawadi ya Elkana, machozi ya Hana

Leo ni Februari 15, Jumapili ya 6 ya Mwaka A. Jana ilikuwa ile siku wanayoiita ya Wapendanao, na Jumatano hii tunapakwa majivu.

Huku Ipagala, Dodoma, kama ungekaa kando ya barabara jana jioni usingehitaji kalenda kujua tarehe. Bodaboda walipita na maua ya waridi mekundu yaliyofungwa kwenye nailoni. Mabinti walitoka saluni na magauni mekundu, na kwenye vibanda vya chipsi vijana walikaa wawili wawili, simu mezani. Katika barabara hiyo hiyo walipita kina mama waliokuwa wanarudi kupalilia, jembe begani, wakiwahi kubandika mboga kabla giza halijaingia. Mmoja wao, mwanajumuiya wetu, alinisalimu. Nikamtania, nikamuuliza kama na yeye ameletewa ua leo. Akacheka, akasema, "Padri, la kwangu litakuja na jeneza."

Wenzake walicheka sana. Ni utani, na watu wa huku tunajua kutaniana. Lakini neno lile nimelibeba hadi kwenye Injili ya leo, na ningependa tulitazame pamoja.

Injili ya leo (Mt 5:17-37) ni ndefu. Yesu anagusa hasira, tamaa ya macho, talaka na viapo, mambo yanayoingia moja kwa moja katika nyumba za watu. Kwa sababu ya urefu wake Kanisa linaruhusu isomwe kwa kifupi, na ukisikia ile fupi, aya mbili ninazozitaka zitakuwa zimerukwa. Zifungue mwenyewe nyumbani, ya 23 na ya 24. Humo Yesu anamtaja mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, zawadi mkononi, ndipo anakumbuka kwamba kuna mwenzake mwenye neno juu yake. Haambiwi aitupe zawadi yake, wala haambiwi kwamba zawadi ni mbaya. Anaambiwa aiweke chini, arudi alikotoka, wakapatane, kisha aje aitoe. Na angalia vizuri nani mwenye kinyongo hapo. Mleta zawadi hana neno na mtu. Aliyeumia ni yule aliyebaki nyumbani.

Sasa turudi kwenye maua. Wapo wahubiri ambao leo wataisimanga siku ya jana kutoka mimbarini: ya kipagani, ya Wazungu, ya uasherati. Mimi sitakuwa miongoni mwao, ingawa nayajua yanayofanyika usiku wa siku hiyo. Valentino alikuwa shahidi wa imani, aliuawa Roma katika karne ya 3 na kuzikwa kando ya barabara ya Flaminia. Hilo ndilo tunaloweza kulishika kwa mikono miwili. Habari kwamba alifungisha askari ndoa kwa siri, au kwamba alimwandikia barua binti wa mlinzi wa gereza, ziliongezwa karne nyingi baadaye. Katika wale wa mwanzo kabisa kuihusisha siku yake na mapenzi yumo mshairi Mwingereza, Geoffrey Chaucer, wa karne ya 14, aliyeandika juu ya ndege wanaokusanyika siku hiyo kuchagua wenzi. Yaani ilianza na ndege. Mwaka 1969, Papa Paulo VI aliporekebisha kalenda ya liturujia, kumbukumbu ya Valentino iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, ingawa jina lake bado limo katika kitabu cha mashahidi. Februari 14 sasa tunawakumbuka Watakatifu Sirili na Metodi, ndugu wawili waliowapelekea Waslavi Injili kwa lugha yao. Kwa hiyo waliokuja Misa jana asubuhi hawakumsikia Valentino, na wengine, nilivyowaona, walishangaa kidogo.

Wala ua si jambo la kuazima kutoka Ulaya. Anayesema hivyo aende pwani, Unguja au Tanga au Lamu. Atakutana na kikuba: fungu dogo la asumini, waridi, mrehani na majani mengine ya kunukia, ambalo mwanamke hulipachika kifuani au nyweleni. Mume anayepita sokoni jioni akamchukulia mkewe kikuba hasomi kadi ya dukani wala hangoji Februari. Na hayo maua ya waridi ambayo Ulaya inayasubiri kila mwaka kwa ajili ya siku ya jana, mengi hupandishwa ndege kutoka Kenya, yakiwa yamelimwa kandokando ya Ziwa Naivasha, na mengine hutoka kwetu Arusha. Mikono inayoyakata na kuyafunga, sehemu kubwa ni mikono ya kina mama. Mapenzi ya London na Amsterdam yameamka saa kumi na moja alfajiri Naivasha, yakavaa glavu.

Sisi wa nyanda hizi za kati tuna sababu yetu ya kuwa wagumu wa maua. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nayo kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Ikikatika wiki mbili mwezi huu wa Februari, uwele unajikunja na moyo wa mkulima nao unajikunja. Mtu wa namna hiyo huwezi kumlaumu kwa kuuliza ua linaliwa vipi. Hata hivyo tembea Ipagala, Ilazo na Swaswa, utaona nyumba za kawaida kabisa zenye ua la zambarau limetambaa juu ya geti. Uliza limefikaje hapo. Utaambiwa limenyweshwa maji ya kusuuzia nguo kiangazi chote, kopo kwa kopo, miaka mitatu. Aliyelinywesha mara nyingi ni mama mwenye nyumba. Kwa hiyo naomba tusiambiane kwamba wanawake wa Dodoma hawana haja na maua.

Nadhani nimekwisha kusema vya kutosha kuitetea siku ya jana. Tatizo langu liko kwingine, nalo lina jina: Elkana.

Mwezi uliopita, Jumatatu ya Januari 12, somo la kwanza la Misa lilikuwa mwanzo wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Ilikuwa Sikukuu ya Mapinduzi, watu wamelala, kanisa lina watu wachache, basi wengi wenu mlimkosa Elkana. Huyu alikuwa mtu wa sikukuu. Kila mwaka, bila kukosa, aliipandisha familia yake Shilo kutoa dhabihu. Na kila mwaka siku ya karamu aligawa nyama: Penina, mke mwenye watoto, alipewa mafungu yake na ya watoto wake, na Hana, ambaye hakuwa na mtoto, alipewa fungu maradufu kwa sababu mumewe alimpenda. Maandiko hayana mashaka juu ya hilo. Elkana alimpenda Hana kweli, na zawadi ilikuwa ya kweli, tena ilitolewa mbele ya watu.

Na kila mwaka Hana alilia, akakataa kula.

Soma polepole (1 Sam 1:1-8) uone zawadi ile ilivyofanya kazi. Fungu lile kubwa lililowekwa mezani mbele ya Penina lilikuwa ndilo linalomchokoza Penina. Penina naye akamgeuzia Hana tumbo lake lisilozaa kuwa wimbo. Kwa hiyo siku ya zawadi ndiyo iliyokuwa siku mbaya kuliko zote katika mwaka wa Hana. Elkana akiona mkewe analia, anamtupia maswali manne mfululizo: unalia nini, huli kwa nini, moyo wako una huzuni ya nini, na je, mimi sikufai kuliko wana kumi? La mwisho hilo ndilo lililomponza. Wanaume wenzangu, nalijua swali hilo kwa sauti zake zote. Kwa Kiswahili cha Ipagala huwa hivi: nimekununulia hiki na kile, unataka nini tena?

Hana hakumjibu. Katika maandiko yote hakuna mahali anapojibu yale maswali manne. Alinyanyuka akaenda hekaluni, akalia mbele za Mungu kwa sauti isiyosikika, midomo tu ikicheza, hata kuhani Eli akamdhania mlevi. (Sisi makuhani nasi tumo katika kisa hiki, na hatukutoka vizuri.) Mambo ambayo mke hakuyasema kwa mume aliyempa fungu maradufu, aliyasema kwa Mungu na kwa mzee wa kanisa asiyemjua.

Kalenda ya mapenzi imerefuka kuliko ya Elkana. Februari 14 ikipita, inakuja Machi 8, Siku ya Wanawake, na vitenge vya sare. Inakuja Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama. Kuna siku ya kuzaliwa, siku ya kumbukumbu ya ndoa, Pasaka, Krismasi, na siku hizi hata Nane Nane kule Nzuguni watu hupigana picha wamekumbatiana mbele ya alizeti za maonyesho. Kila siku ina keki yake na picha yake, na picha lazima ipande kwenye simu kabla keki haijakatwa. Sioni dhambi hapo. Mwanadamu anahitaji sikukuu, na Mungu mwenyewe aliwawekea Waisraeli sikukuu kwa tarehe. Lakini nimekaa ofisini na wanandoa ambao picha zao za Februari zilisifiwa na ukoo mzima, kumbe hawajalala chumba kimoja tangu Oktoba. Mke anaandikiwa maneno matamu mbele ya watu mia tatu kwenye simu, na mezani anaambiwa, "Chumvi iko wapi?" Mama mmoja aliniambia kwamba afadhali mwaka ambao mumewe alisahau, maana mwaka huo hakulazimika kutabasamu.

Nataka nikae kidogo kwa kundi moja ambalo hapa kwetu limekuwa kubwa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na hasa baada ya ofisi kuhama kweli, mji huu umejaa wanandoa nusu. Mume yuko Ipagala katika chumba na sebule cha kupanga, mke na watoto wako Dar es Salaam kwa sababu ya shule, kazi, au nyumba ambayo haijakwisha kulipiwa. Au mke ndiye aliyehamishiwa huku na mume kabaki. Kwa basi safari ilikuwa inakula siku. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, safari ikashuka hadi chini ya saa nne kwa treni ya haraka, nami nilimshukuru Mungu hadharani. Nikajisemea, sasa ndoa zitapona.

Baadhi zimepona. Ijumaa jioni utawaona wanavyokwenda stesheni na begi dogo, wanatembea kama watu waliofunga ndoa juzi. Lakini wengine wamegundua kwamba kilichokuwa kinawatenga hakikuwa reli. Treni ipo, nauli ipo, na bado wanaonana sikukuu tu. Katikati ya sikukuu zinatumwa fedha kwa simu: hela ya keki, hela ya ua, hela ya kitenge cha Machi 8. Mtoto anapigwa picha na keki iliyoletwa na bodaboda, baba anaiona akiwa Ipagala, anaweka alama ya moyo. Na ua la pili, jana hiyo hiyo, limepelekwa kwa mtu wa mtaa wa pili. Mnacheka mkisikia neno mchepuko, hata kanisani mnacheka. Yule anayelelewa kwa picha hacheki.

Sheria ya Kanisa (kanuni 1151) inasema wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi maisha ya pamoja, isipokuwa kuwe na sababu halali ya kuwatenga. Kazi ya serikali yaweza kuwa sababu halali, sikatai. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho (1 Kor 7:5), anakubali wanandoa watengane kwa muda, lakini anaweka masharti: wakubaliane wote wawili, iwe kwa kitambo, iwe kwa ajili ya sala, kisha warudiane. Jiulize hapo ulipo. Mlikubaliana, au uhamisho ulikubali kwa niaba yenu? Kitambo chenu kina mwisho? Nimekutana na familia ambazo kitambo kimefika mwaka wa saba na hakuna aliyewahi kuketi na mwenzake akasema, tupange lini hili litaisha. Ningefurahi zaidi kuona wawili wamekaa chini ya mti na daftari, wakibishana juu ya ada za shule na kodi ya nyumba hadi wapate tarehe, kuliko kuona maua yote ya Arusha yakishushwa stesheni.

Elkana, tumtendee haki, hakubaki pale alipokuwa. Watu hufunga kitabu Samweli akizaliwa, wakakosa aya tatu nzuri (1 Sam 1:21-23). Mwaka uliofuata Elkana anapanda tena Shilo kwa sikukuu, na safari hii Hana anamwambia hapandi, anabaki na mtoto hadi amwachishe ziwa. Yaani mke anakataa sikukuu yenyewe, anakataa na fungu lake. Elkana wa zamani angemhoji maswali manne. Huyu anamwambia, kwa ufupi, fanya unaloona jema. Amejifunza kusikiliza, na hakuna mahali pengine katika kisa chote ambapo mapenzi yake yanamfikia mkewe kama hapo, wala hapakuwa na nyama.

Sasa nirudi kwa yule mama wa jembe na jeneza lake.

Wote tunaujua mpangilio wa maziko yetu. Kaburi likishafukiwa, udongo ukasawazishwa na msalaba ukasimikwa, anayeongoza ratiba anashika kipaza sauti na kuita kwa zamu: mume wa marehemu, watoto, wajukuu, wakwe, wawakilishi wa kazini, jumuiya. Kila kundi linapewa shada. Mengi siku hizi ni ya plastiki, yametoka mbali kuliko marehemu alivyowahi kusafiri. Nimesimama kwenye makaburi mengi katika miaka yangu ya upadri, na nimewaona wanaume wa makamo na wazee ambao ile ilikuwa mara yao ya kwanza kumbebea mke wao ua. Unalijua hilo kwa namna wanavyolishika. Wanalishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani, hajui mkono wa kushoto uende wapi. Wanashikwa bega na kuongozwa, wanainama, wanaweka, na hapo ndipo wengine husema maneno ambayo sisi tuliosimama karibu tunajifanya hatukuyasikia.

Silaumu shada. Kanisa linaheshimu makaburi, na Novemba 2 tutarudi tena na maua na maji ya baraka, ndivyo inavyopasa. Ila tuambiane ukweli kwamba marehemu anahitaji Misa na sala zetu. Lile ua ni la sisi tuliobaki, tunaliweka ili mikono yetu iwe na la kufanya. Yule mama aliposema la kwake litakuja na jeneza hakuwa anadai waridi la elfu kumi. Najua nyumba yake, anajua na mfuko wa mumewe. Nilimwelewa kwamba anasema jambo la miaka thelathini: kwamba ataangaliwa kwa makini siku ile asipoweza kuona.

Papa Fransisko alikutana na wachumba zaidi ya elfu kumi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, tarehe hiyo hiyo ya Februari 14, mwaka 2014. Angeweza kuwapa mahubiri mazito ya teolojia ya ndoa. Akawapa maneno matatu ya kutumia nyumbani: la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba msamaha. Aliyarudia maneno hayo miaka miwili baadaye katika waraka wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia. Kwetu ni "tafadhali", "asante" na "samahani", na nawaambia wanaojiandaa kwa ndoa kwamba la kwanza ndilo gumu zaidi kwa mwanaume wa Kitanzania. Tumelelewa tukiamini kwamba kumwomba mke ruhusa ni kupungukiwa. Baba atauza mbuzi, atahama kazi, atamchukua mpwa aje kuishi nyumbani, na mke atapata habari kwa mpwa mwenyewe akiwa mlangoni na begi. Halafu Februari analetewa ua.

Jumatano tunaanza Kwaresima, na Kanisa lina utaratibu wake wa maua ambao wengi hamuujui ila mtauona. Mwongozo wa jumla wa Misale (namba 305) unakataza kupamba altare kwa maua katika kipindi hicho chote, isipokuwa Jumapili ya nne, ambayo mwaka huu ni Machi 15, na siku za sherehe na sikukuu. Kina mama wetu wanaopamba kanisa hupata likizo ya maua. Altare inabaki na kitambaa, mishumaa na msalaba. Nakumbuka miaka ya 2018 na 2024, Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 14 yenyewe, na vijana waliniuliza wafanye nini: wafunge au waende mtokoni? Jibu lilikuwa wafunge, na mwaka 2029 litaulizwa tena. Mtu aliyeoa akinyimwa maua kwa siku arobaini anabaki na nini cha kumpa mwenzake? Anabaki na masikio, na muda, na yale maneno matatu. Si haba.

Katika sherehe zinazoruhusiwa maua iko ya Machi 19, Mtakatifu Yosefu, mume wa Bikira Maria. Mwaka huu ni Alhamisi. Ukiingia kanisani itazame sanamu yake: mara nyingi mkononi ana fimbo iliyochanua, au yungiyungi jeupe. Katika sanamu zetu huyo ndiye mume aliyeshika ua. Na katika Injili zote nne hakuna neno hata moja lililoandikwa kutoka kinywani mwake. Tunachosoma ni kwamba aliamka. Aliamka usingizini akamchukua mkewe, aliamka tena usiku akawachukua mama na mtoto wakakimbilia Misri. Wanaume wasiojua kusema maneno matamu, na huku kwetu ni wengi, wana msimamizi wao mbinguni. Lakini nao waamke.

Kabla sijamaliza, kuna vijana ninaodaiwa neno nao. Wako waliokopa kwa simu wiki hii ili jana isiwapite, na deni hilo litakatwa kwenye mshahara au kwenye boda kabla ua halijanyauka. Dada, kama kijana wako hana kitu, mwambie mapema usimwache akajiumiza. Kaka, kama hana macho ya kukuona bila waridi, hujaonwa bado.

Na wako wale wa kile tunachokiita uchumba sugu. Mmepiga picha za Siku ya Wapendanao mwaka wa tano au wa sita sasa, mna watoto wawili, mnakaa safu ya nyuma kwa sababu hampokei Komunyo. Nikiwauliza, jibu ni lile lile: hatujajipanga, Padri, ukumbi, suti, kamati. Wengine ni mahari, wazee wa upande wa binti bado wanasubiri ng'ombe, na hilo tunaweza kwenda kuzungumza nao pamoja, nimekwisha kwenda na wengine. Lakini kuhusu ukumbi, tafadhali tuelewane. Kinachotakiwa ni ninyi wawili mlio huru kuoana, ridhaa yenu, padri au shemasi mwenye mamlaka ya kuwafungisha, na mashahidi wawili. Hayo yanaweza kufanyika katika Misa ya kawaida, na watu wakaenda kunywa chai nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Kwaresima si majira ya harusi za shamrashamra, lakini ni majira mazuri ya mafundisho ya ndoa, na Pasaka ni Aprili 5. Mwoneni katekista wiki hii. Anzeni na vyeti vya ubatizo, na kama mlibatizwa parokia za mbali andikeni mapema, maana majibu huchukua wiki kadhaa.